Daftari la Kurisiti

Ukitaja Kikuyu, wengi huwaza Kenya. Mimi naizungumzia Kikuyu ya Dodoma, kilipo Chuo Kikuu cha St John's, kilichoanza 2007 katika majengo ya iliyokuwa sekondari ya Mazengo. Kabla ya hapo ilikuwa shule ya misheni, ikiitwa Alliance. Lakini kuishi jirani na chuo si kuingia chuoni. Mtihani wa kidato cha sita unakuchuja kwanza.

Ambaye alama hazikutosha anaweza kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tatizo ni kwamba hana tena darasa wala mwalimu, na tuisheni ya kulipia ni ghali. Kinachobaki ni kikundi cha mtaani: mtu aliyefaulu mwaka jana, madesa ya kutoa kopi, pepa za zamani na diskasheni mpaka usiku. Hoja inachambuliwa kwa Kiswahili, halafu jibu linaandikwa kwa Kiingereza, maana ndivyo mtihani unavyotaka.

Tunakosea tukidhani haya yameanza jana. Mwaka 1955 wazazi wa Tanganyika waliunda chama chao, TAPA, wakafungua shule za watoto waliokosa nafasi kwa serikali na misheni. Hawakusubiri mlango upanuliwe.

Serikali nayo ilijaribu kuupanua. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, na sifa zake kazini na katika chama zihesabiwe pamoja na alama. Nia ilikuwa kumfikia mfanyakazi. Matokeo yake, wasichana walioingia chuoni walipungua, na 1976 wakaondolewa sharti la kufanya kazi kwanza. Kwangu hilo ni funzo kubwa: sharti jipya humfungulia mmoja na kumfungia mwingine, na aliyefungiwa hurudi kwa wenzake kutafuta msaada.

Historia ya elimu yetu tunaisoma kupitia sheria na maazimio, kwa sababu hayo ndiyo yaliyotunzwa. Kazi ya vikundi imebaki kwenye madaftari, yenye jibu la Kiingereza upande mmoja na maelezo ya Kiswahili pembeni. Kama nyumbani kwenu lipo la namna hiyo, tafadhali lisiende kufungia maandazi.