Marafiki na Wafananao katika Nahau za Kikorea: Dokezo la Kihistoria

Mwanafunzi wa Kikorea anapofikia nahau za urafiki na za watu wa tabia moja, aghalabu hupewa orodha: nahau upande huu, maana upande ule. Makala haya yanadai kuwa orodha ya namna hiyo huchanganya semi zenye asili tofauti, na humfanya mwanafunzi akosee matumizi hata pale anapopatia maana.

Tabaka la kwanza ni la semi za herufi nne za Kichina, ziitwazo *sajaseongeo*. Alfabeti ya Hangul ilitangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, lakini wasomi waliendelea kuandika kwa Kichina cha kale, kwani mitihani ya kupata maofisa wa serikali, iliyoanza mwaka 958, haikufutwa hadi mwaka 1894. Aliyetaka cheo alihifadhi vitabu vya Kichina, na visa vya vitabu hivyo vikaingia katika mazungumzo yake. *Jukmagou*, yaani rafiki wa zamani wa farasi wa mwanzi, humtaja mwenza wa utotoni, wa tangu enzi za kupanda fimbo na kuifanya farasi. Husemwa kwa upendo. Hata hivyo, mojawapo ya visa vinavyohusishwa na usemi huu ni cha uhasama. Huan Wen, jemadari wa China wa karne ya 4, alimdunisha mpinzani wake Yin Hao kwa kudai kuwa walipokuwa watoto, Yin Hao aliokota farasi wa mwanzi ambao yeye alikwisha kuwatupa. Matumizi yamelisahau tusi, yamebakiza utoto.

*Yuyusangjong*, kwa maana kwamba wa jinsi moja hufuatana, imepita njia iliyo kinyume. Asili yake huhusishwa, pamoja na matini nyingine, na kisa cha Chunyu Kun, aliyempelekea mfalme wa Qi watu saba wenye hekima kwa siku moja. Mfalme alipostaajabu, Chunyu Kun alimjibu kuwa ndege wa mbawa moja hukaa pamoja, hivyo si ajabu mwenye hekima kuwafahamu wenziwe. Hapo kufanana ni sifa. Katika Kikorea cha leo usemi huo mara nyingi hubeba kejeli: wabaya wamekutana. Mgeni anayewasifu wenyeji wake kwa usemi huu huenda akazua kicheko, au kimya. (Mswahili naye husema kuwa ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Ni rahisi kuihesabu methali hiyo kuwa tafsiri kutoka Kiingereza, lakini kisa cha Qi kinatuonya kwamba taswira hii yaweza kuzuka popote penye ndege na watu wa kuwatazama.)

Tabaka la pili ni la *sokdam*, methali za watu wa kawaida. *Gajaeneun ge pyeon*: kamba wa mtoni yuko upande wa kaa. Wote wawili wana magamba na makoleo, basi hutetewa mmoja na mwenzake, hata asipokuwa na haki. Wasomi hawakuzipuuza methali za aina hii. Hong Man-jong alizikusanya katika karne ya 17, na Jeong Yak-yong alikamilisha mkusanyo wake, *Idam Sokchan*, mwaka 1820. Ila walizihifadhi kwa Kichina, na kwa hiyo sehemu ya sauti ya walalahoi imetufikia ikiwa imevaa joho la wakubwa. Mpaka baina ya matabaka haya kwa hakika si ukuta. *Chorokeun dongsaek* hutajwa kama methali, lakini imejengwa kwa maneno ya Kichina: *cho* ni nyasi, *rok* ni kijani, na vyote viwili ni vya rangi moja. Kwa kuwa *chorok* sasa ni jina la rangi ya kijani tu, mwanafunzi hufasiri kuwa kijani ni rangi moja, na methali yote humponyoka.

Historia ya karibu zaidi iko katika neno lenyewe la rafiki. *Chingu*, neno la kila siku, lina mizizi ya Kichina, kama ambavyo *rafiki* letu lina mizizi ya Kiarabu. Sambamba nalo palikuwa na *dongmu*, neno la kawaida, hasa vinywani mwa watoto. Baada ya nchi kugawanywa mwaka 1945, Kaskazini ililifanya neno hilo kuwa la kuitana kisiasa, karibu na jinsi *ndugu* ilivyotumika Tanzania wakati wa Ujamaa. Tofauti ni kwamba *ndugu* haikuacha kuwa neno la ukoo, ilhali Kusini watu walianza kuliogopa *dongmu*, hata likatoweka katika mazungumzo ya kawaida. Limesalia ndani ya maneno ambatani kama *eokkaedongmu*, yaani kutembea mkiwa mmewekeana mikono mabegani. Watoto wa Seoul bado hulitamka hilo bila woga wowote.