Uchaguzi wa Tafiti (Kasese na Bwera)
Kukata shauri, mali na muda vikiwa haba, ni suala lipi lichunguzwe kwanza. Nako Kasese, magharibi ya Uganda, ambako kila bonde lina dai lake, hukumu hiyo ni nzito. Wataalamu wa theluji huikabili Rwenzori, ambayo barafu yake, iliyoenea takriban kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906, ilikuwa imepungua chini ya 1 ilipofika 2003. Bondeni Kilembe, palipochimbwa shaba tangu 1956 hadi 1982, mabaki ya mgodi yangali yamelundikana kando ya mto Nyamwamba, uliofurika 2013 na tena 2020, na maji yale yale huteremka mpaka Ziwa George. Bwera nayo, mpakani mwa Kongo, ndiko alikolazwa Juni 2019 mtoto wa miaka 5 mwenye Ebola, aliyevuka pamoja na jamaa zake. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia huidhinisha utafiti baada ya kamati ya maadili kuupitisha, walakini aghalabu mfadhili ndiye aamuaye utangulie upi. Theluji, kwa insafu, haingoji, kwani ushahidi wake huyeyuka. Lakini ndoo ya maji aliyotweka mama kutoka Nyamwamba alfajiri, ambayo watoto watapikiwa uji kwayo, ina haki kubwa zaidi ya kuchunguzwa kwanza.