Meza, Kete na Ndege: Mchezo wa Vita vya Anga na Hukumu ya Historia

Katika bao la Kiswahili hakuna siri. Mashimo 32 na kete 64, za ubaoni na za akiba, zote zi mbele ya macho ya wachezaji wawili, na anayeshindwa hana wa kumlaumu ila hesabu yake mwenyewe. Vita si hivyo. Amiri wa jeshi hulitazama bao ambalo nusu yake imefunikwa, na nusu iliyofunuliwa humwonyesha mambo yaliyokwisha kupita. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi watu walivyojaribu kuiweka hali hiyo mezani, hasa katika vita vya anga, na faida aipatayo mwanahistoria kwa kuketi kwenye meza hiyo.

Asili ya mchezo huu ni Prussia. Mwaka 1812 Baron von Reisswitz alimwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu mchezo wa vita alioutunga. Mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, akautengeneza upya na kuzichapisha kanuni zake mwaka 1824. Vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo juu ya ramani, kila zamu ilikuwa sawa na dakika mbili za vita, na dadu ziliamua mambo ya bahati. Lakini jambo kubwa lilikuwa mwamuzi: yeye peke yake aliona yote, na kila mchezaji alionyeshwa yale tu ambayo askari wake wangaliweza kuyaona. Hapo ndipo mchezo ulipoachana na bao ukaukaribia ukweli.

Zilipokuja zama za ndege, giza la amiri lilizidi. Adui aendaye kwa miguu huchukua siku. Ndege huvuka mlango wa bahari kati ya Dover na Ufaransa, wenye upana wa kilomita 34 hivi mahali palipo pembamba, kwa dakika chache. Mnamo Februari 1935 Robert Watson-Watt alithibitisha karibu na Daventry kuwa mawimbi ya redio yaweza kuigundua ndege iliyo mbali. Juu ya msingi huo Hugh Dowding, aliyeshika uongozi wa ndege za kivita za Uingereza mwaka 1936, alijenga mfumo mzima wa ulinzi. Habari za rada zilipelekwa kwa simu Bentley Priory, zikachujwa, kisha zikagawiwa makao ya chini yake. Rada hizo zilielekea baharini; adui akishavuka pwani, alifuatwa kwa macho na masikio ya walinzi waliotawanywa nchini.

Huko Uxbridge, chini ya ardhi, makao ya Kundi la 11, lililolinda London na kusini-mashariki ya Uingereza, yalikuwa na meza kubwa ya ramani. Wanawake wa jeshi la anga walisukuma alama juu yake kwa vijiti virefu. Saa ya ukutani iligawanywa kwa rangi tatu, nyekundu, manjano na buluu, kila rangi dakika tano, na kila alama ilipewa rangi ya wakati ilipofika habari yake. Hivyo aliyeitazama meza kutoka roshani ya juu alijua mara moja habari ipi ni mbichi na ipi imechakaa. Sisi wanafunzi wa lugha hatuna budi kulistaajabia jambo hili. Meza ile haikuonyesha ndege; ilionyesha habari za ndege. Alama ilikuwa kama neno: si kitu chenyewe, bali kiwakilishi chake, na kiwakilishi kile kilikiri kwa rangi yake kwamba kinazeeka. Ni maneno machache yanayokiri hivyo.

Keith Park, mkuu wa Kundi la 11, alirusha vikosi kimoja kimoja au viwili viwili, ili vimkabili adui kabla hajatupa mabomu. Trafford Leigh-Mallory wa Kundi la 12, lililokuwa kaskazini yake, alishikilia rai nyingine: vikosi vitatu hata vitano vikusanyike angani kwanza, ndipo vipige kwa pamoja. Mabishano yakawa makali, wala hesabu hazikuyatuliza. Tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza kuwa wameangusha ndege 185. Baada ya vita ilijulikana kuwa zilikuwa 60 hivi. Kabla mwaka haujaisha, Dowding na Park wote wawili walikuwa wameondolewa katika vyeo hivyo, na Leigh-Mallory akakalia kiti cha Park.

Januari 1941 Leigh-Mallory aliamuru zoezi la mezani. Shambulio la tarehe 6 Septemba 1940 lilirudiwa kwenye karatasi, na yeye mwenyewe akashika nafasi ya mlinzi, apate kuonyesha ubora wa rai yake. Matokeo yakawa kinyume: viwanja vya Kenley na Biggin Hill vilipigwa mabomu ndege zake zikiwa bado chini. Meza ilitoa ushahidi, lakini hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa.

Mwaka 2006 Lee Brimmicombe-Wood alitoa mchezo uitwao The Burning Blue juu ya vita hivyo hivyo. Mshambuliaji hupanga safari zake kwa siri. Mlinzi huliona kundi la adui likija asijue liendako. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliucheza upande wa mlinzi. Nilikuwa nimekwisha kusoma vitabu, na nilimhukumu Park kwa wepesi: kwa nini awakabili wengi kwa wachache? Katika saa ya pili vikosi vyangu vinne vilikuwa vikizunguka kungoja cha tano, na kundi la adui nililolidhania linakwenda London likageukia viwanja vyangu. Sikushindwa kwa kutoijua historia. Mwisho wake niliujua vizuri. Nilishindwa kwa sababu kuujua mwisho hakukunisaidia kuijua dakika iliyofuata.

Hata hivyo yafaa kuwa na hadhari. Kete ikiondolewa mezani, hakuna nyumba inayopokea barua ya msiba. Katika vita ile walikufa wanahewa 544 wa ndege za ulinzi wa Uingereza, na katika mashambulio ya mabomu ya Septemba 1940 hadi Mei 1941 raia zaidi ya 40,000 waliuawa. Hayo hayamo katika kanuni wala katika dadu. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mchezaji anayewasahau wafu hao amejifanya kunguru. Mchezo waweza kutufundisha jinsi amri ilivyotolewa. Uchungu wa amri hiyo hauna budi kutafutwa kwingine, katika barua, makaburi na kumbukumbu za waliobaki.

Lakini kwa somo hilo moja, meza yastahili heshima ya wanachuoni. Mwandishi wa historia huketi mahali pa mwamuzi wa Reisswitz: ameonyeshwa pande zote mbili, naye huelekea kusahau kuwa wale anaowahukumu hawakuonyeshwa. Basi kabla hatujaandika kwamba amiri fulani angalipaswa kujua, na tuulize kwanza: saa ile, alama zilizokuwa mezani pake zilikuwa za rangi gani?