Hatua Zilizobaki Mkononi: Bangili za Watoto na Vishikwambi Visivyozisikia

Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ya Japani iliingiza sokoni kifaa kidogo cha kufunga kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Mvaaji alitembea, kisha akatazama namba. Hakuhitaji akaunti, mtandao wala kifaa cha pili.

Nusu karne baadaye kifaa cha pili kilikuwa cha lazima, na hapo ndipo watoto walipoanza kuachwa nyuma. Mfano ninaourejea mara kwa mara ni mpango wa UNICEF nchini Marekani ulioitwa Kid Power, ulioanza kwa majaribio katika mji wa Sacramento mwaka 2014. Mtoto alivaa bangili, akakimbia na kuruka. Hatua zake ziligeuzwa kuwa alama, na alama zikafungua fedha za wafadhili za kununulia chakula tiba cha watoto wenye utapiamlo mkali. Chakula hicho ni ule mchanganyiko wa karanga, maziwa, sukari na mafuta, pakiti ya gramu 92 yenye kilokalori 500, ambao wahudumu wa afya wa Turkana wanaujua vizuri. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mlo wa mgonjwa usubiri mtoto mwingine aruke kamba. Swali hilo ni halali, ila leo nashughulika na kufuli lenyewe.

Kufuli lilikuwa hili: hatua zilizohesabiwa mkononi hazikuwa na thamani mpaka zihamie kwenye programu ya simu au kishikwambi. (Sisi Watanzania neno hilo la mwisho tulilizoea wakati wa sensa ya 2022.) Bangili za namna hii huwasiliana kwa Bluetooth ya nishati ndogo, teknolojia ambayo Nokia iliitangaza mwaka 2006 kwa jina la Wibree, na ambayo mwaka 2010 iliingizwa katika toleo la 4.0 la Bluetooth. Ubahili wake wa umeme ndio ulioiwezesha bangili kudumu muda mrefu kwa betri ndogo sana. Lakini redio za zamani haziisikii kabisa.

Sasa tazama iPad 2. Ilitoka mwaka 2011 bila redio hiyo, na Apple iliendelea kuiuza hadi Machi 2014, mwaka uleule watoto wa Sacramento walipoanza kuhesabiwa hatua. Ilipokea programu mpya za uendeshaji hata mwaka 2015, hivyo mzazi angeweza kuisasisha usiku kucha akiamini anaondoa tatizo, kumbe kilichokosekana kilikuwa ndani ya chuma. Upande wa Android mambo yalikuwa kinyume. Vipo vifaa vilivyokuwa na redio inayofaa, lakini mfumo wenyewe haukuwa na lugha ya kuizungumza hadi toleo la 4.3 la Julai 2013, na mtengenezaji asipoleta toleo hilo, redio ilibaki bubu. Vishikwambi vya Amazon, vilivyopendwa kwa bei nafuu, viliuzwa bila duka la programu la Google; hapo kizuizi hakikuwa redio bali biashara.

Wahandisi huyaita yote haya kutooana kwa vifaa, kana kwamba ni hali ya hewa. Mimi naona mfululizo wa maamuzi, na kila uamuzi ulimwangukia mtu yuleyule. Katika familia nyingi kifaa kipya ni cha mzazi. Mtoto hurithi cha zamani, na mtoto wa familia maskini hurithi kilichorithiwa tayari. Aliyekuwa na kishikwambi kipya alifungua pakiti za karanga. Aliyekuwa na kikuukuu alikimbia umbali uleule, na hatua zake zikabaki mkononi.

Fitbit ilipoleta bangili yake ya Ace mwaka 2018, kwa watoto wa miaka 8 na kuendelea, redio hiyo ilikuwa jambo la kawaida katika vifaa vipya. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inadai idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 mtandaoni. Sheria hiyo naiunga mkono. Matokeo yake ni kwamba bangili iliunganishwa kupitia akaunti ya familia iliyofunguliwa na mzazi, na mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na simu inayofaa, au muda wa kukaa naye, alikuwa na kishikwambi kizuri, bangili nzima, na bado hakuwa na mahali pa kupeleka hatua zake.