Mkia uliovunjwa mara mbili

Novemba 12, 2001, miezi miwili tu baada ya Septemba 11, ndege ya American Airlines, safari namba 587, iliruka kutoka New York kwenda Santo Domingo. Haikumaliza hata dakika tatu. Mkia wake wa wima uling'oka ukaangukia Jamaica Bay, ndege yenyewe ikaangukia makazi ya watu Queens. Walikufa 265, watano kati yao wakiwa chini.

Kwanza watu walisema ugaidi. Kisha picha za mkia zikatoka, na lawama zikahama. Mkia ule ulikuwa wa nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, zilizoshikwa na gundi ngumu (ndiyo, ukoo mmoja na Dreamliner za Air Tanzania na Kenya Airways). Alumini ikielemewa hupinda kwanza. Kaboni inaweza kuachana ndani kwa ndani, nje pakabaki safi kabisa. Tena moja ya "masikio" sita yaliyoushika mkia kwenye mwili wa ndege lilikuwa limefanyiwa ukarabati kiwandani, kabla ndege haijakabidhiwa mwaka 1988. Je, ndilo?

Hapo wakaingia wataalamu wa NASA kituo cha Langley. Waliuchora mkia mzima kwenye kompyuta, halafu sikio la nyuma kulia, tabaka kwa tabaka. Programu huongeza mzigo kidogo kidogo. Sehemu ya tabaka ikishindwa, hunyang'anywa nguvu, mzigo ukahamia kwa majirani, hesabu ikapigwa upya, hivyo hivyo mpaka sikio linaachia. Na kwa kuwa kompyuta nayo haiaminiki peke yake, masikio halisi yakavunjwa maabara huko Ujerumani. Majibu yakaoana.

Sikio lililokarabatiwa halikuwa la kwanza. Lilitangulia la nyuma kulia, chini ya mzigo wa karibu mara mbili ya ule mkubwa kabisa unaotarajiwa kazini. Sheria inataka ndege ihimili mara moja na nusu.

Mzigo ulitoka wapi? Kwenye pedali za usukani wa mkia, ambazo rubani msaidizi alizikanyaga kulia, kushoto, kulia, baada ya kukumbana na msukosuko wa hewa ulioachwa na ndege iliyotangulia. Ripoti ya Oktoba 2004 ilimtaja yeye kwanza. Mfumo wa pedali ulioitikia hata mguso mdogo na mafunzo ya shirika vikafuata kama vichangiaji. Mimi ningevitaja vyote kwa mkupuo mmoja. Huenda alikuwa akifanya alichodhani amefundishwa.