Kusahaulika na Kugunduliwa Upya kwa Filamu za Hollywood ya Kale, 1932–1946

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mijadala kuhusu filamu za kale za Marekani, imani iliyomo ndani ya methali hiyo imekuwa na nguvu kubwa. Filamu inayokumbukwa, kama Gone with the Wind (1939) au Casablanca (1942), hudhaniwa kuwa imekumbukwa kwa sababu ya ubora wake. Iliyosahaulika hudhaniwa kuwa imekwisha kupimwa na wakati ikaonekana nyepesi.

Makala hii inaipinga dhana hiyo. Hoja yake ni kwamba kusahaulika kwa filamu nyingi zilizotengenezwa Hollywood kati ya 1932 na 1946 hakukutokana na hukumu ya watazamaji pekee. Kulitokana pia, na mara nyingi zaidi, na maamuzi ya studio, amri za wadhibiti, masharti ya sheria ya hakimiliki na hali ya nakala zilizosalia. Kwa hiyo, mtafiti anayetaka kuithamini filamu isiyojulikana sana hana budi kuanza kwa kuuliza ilitowekaje machoni pa watu, kabla ya kuuliza kama ni nzuri. Hoja hii inajengwa kwa kuchunguza filamu tano: Trouble in Paradise, Baby Face, Make Way for Tomorrow, Dance, Girl, Dance na Detour. Filamu ya sita, It's a Wonderful Life, inatumiwa kama kilinganishi.

2.0 Mazingira ya Kupotea

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, filamu za studio kubwa zilichapwa kwenye utepe wa nitrati, ambao hushika moto upesi na huoza ukihifadhiwa vibaya. Mwaka 1937 ghala la studio ya Fox lililokuwa Little Ferry, New Jersey, liliteketea pamoja na sehemu kubwa ya filamu za kimya za studio hiyo. Mwaka 1948 studio ya Universal iliziharibu kwa makusudi filamu zake nyingi za kimya zilizokuwa zimebaki, kwa kuwa hazikuonekana tena kuwa na thamani ya kibiashara. Utafiti uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha ukubwa wa hasara hiyo. Kati ya filamu ndefu za kimya zipatazo 11,000 zilizotolewa Marekani kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la awali la milimita 35.

Filamu zenye sauti zilisalimika kwa kiwango kikubwa zaidi. Hata hivyo, kusalimika si sawa na kuonekana. Katika miaka ya 1930 filamu ilizunguka kwenye majumba ya sinema kwa muda mfupi, kisha ikarudishwa ghalani. Mtazamaji hakuwa na njia ya kuitazama tena nyumbani, na uamuzi wa kuitoa upya ulikuwa mikononi mwa studio iliyoimiliki. Hali hiyo ilianza kubadilika kati ya 1955 na 1958, pale RKO, Warner Bros. na Paramount zilipouza mamia ya filamu zao za zamani ili zionyeshwe kwenye televisheni. Kizazi kipya kikazifahamu filamu hizo, ingawa mara nyingi zilikatwa ili kutoa nafasi kwa matangazo ya biashara.

3.0 Udhibiti na Nakala Zilizorekebishwa

Kanuni ya Utayarishaji, iliyoainisha mambo yasiyoruhusiwa kuonyeshwa katika filamu, ilipitishwa na studio mwaka 1930, lakini utekelezaji wake haukuwa na makali hadi 1934. Mwaka huo ofisi ya usimamizi chini ya Joseph Breen ilianza kudai kwamba kila filamu ipate cheti kabla ya kutolewa. Jambo linalosahaulika ni kwamba sharti hilo liligusa pia filamu zilizokwisha kutolewa, endapo studio ilitaka kuzionyesha tena. Trouble in Paradise (1932), vichekesho vya Ernst Lubitsch kuhusu wezi wawili wapendanao wanaomlenga mjane tajiri, ilinyimwa kibali cha kutolewa upya mwaka 1935. Hakuna mtazamaji aliyeikataa. Ilifungiwa kwa sababu wezi wake hawaadhibiwi, na mapenzi yake hayaombi radhi.

Mfano wa Baby Face (1933) una mafunzo zaidi. Filamu hiyo ya Warner Bros., iliyoongozwa na Alfred E. Green, inamfuata Lily Powers, mhusika wa Barbara Stanwyck, kutoka kilabu cha pombe cha baba yake huko Erie, Pennsylvania, hadi benki moja ya New York. Humo anapanda cheo kwa kuwatumia wanaume, na kamera inapanda nje ya jengo, ghorofa baada ya ghorofa, kila anapopata mwanamume mwenye cheo cha juu zaidi. Bodi ya udhibiti ya jimbo la New York iliikataa filamu hiyo, na studio ikalazimika kuibadilisha. Katika toleo la kwanza, fundi viatu mzee anayemshauri Lily anatumia falsafa ya Nietzsche kumhimiza atumie uwezo alio nao juu ya wanaume. Katika toleo lililorekebishwa, mzee huyohuyo anamwasa kwamba kuna njia njema na njia mbaya. Mwisho nao ulibadilishwa ili Lily aonekane amepoteza mali na kurudi katika maisha ya chini.

Kwa miongo saba, toleo hilo lililorekebishwa ndilo lililozunguka. Mwaka 2004, katika kituo cha uhifadhi cha Maktaba ya Bunge huko Dayton, Ohio, ombi la kupata nakala kwa ajili ya tamasha la filamu la London lilisababisha negativu mbili zilinganishwe. Moja ilionekana kuwa ndefu kuliko nyingine, na ndiyo iliyokuwa na filamu kabla haijakatwa. Mwaka uliofuata Baby Face iliingizwa katika Rejista ya Taifa ya Filamu. Mtazamaji aliyeihukumu filamu hiyo kabla ya hapo kwa kutegemea nakala ya kawaida alikuwa, bila kujua, anahukumu kazi ya wadhibiti pamoja na kazi ya watengenezaji.

Filamu hiyo inafichua pengo jingine pia. Lily anaondoka Erie akiwa na Chico, mhusika wa mwigizaji Mweusi Theresa Harris, na mapema katika kisa baba anapotaka kumfukuza Chico, Lily anatangaza kwamba Chico akiondoka naye ataondoka. Urafiki wa aina hiyo ulikuwa nadra katika filamu za wakati huo, japokuwa Chico anaishia kuvaa sare ya mtumishi. Harris aliigiza katika filamu nyingi, lakini mara kwa mara jina lake halikuorodheshwa kabisa. Ni tamthilia ya Lynn Nottage ya mwaka 2011, By the Way, Meet Vera Stark, iliyochota msukumo kutoka maisha ya Harris, ndiyo iliyowarejesha wengi kwake.

4.0 Hakimiliki: Sheria Moja, Matokeo Mawili

Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1909, hakimiliki ilidumu kwa miaka 28 na mwenye mali alitakiwa kuihuisha. Asipofanya hivyo, kazi iliingia katika miliki ya umma. It's a Wonderful Life ya Frank Capra, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 1946, haikurudisha gharama zake. Hakimiliki yake haikuhuishwa mwaka 1974, na vituo vya televisheni vikapata fursa ya kuionyesha kila Krismasi bila kulipia. Filamu iliyokuwa hasara ikageuka kuwa desturi ya taifa. Iwapo ubora peke yake ungetosha kuiuza, isingehitaji kusubiri uzembe wa kiofisi.

Detour (1945) ya Edgar G. Ulmer nayo iliingia katika miliki ya umma, lakini iliishia mahali tofauti. Ilitengenezwa na PRC, mojawapo ya kampuni ndogo zilizotoa filamu za bei ya chini, na haizidi dakika 70 kwa urefu. Al Roberts, mpiga piano maskini, anaomba lifti njiani kwenda Los Angeles. Mwenye gari anafia safarini, naye Roberts anachukua jina na gari la marehemu kwa kuogopa kushtakiwa. Kisha anakutana na Vera, mwanamke anayeijua siri hiyo, aliyeigizwa na Ann Savage kwa ukali usiosahaulika. Uhaba wa fedha unaonekana waziwazi: mtaa wa New York umefunikwa na ukungu mzito kwa kuwa hapakuwa na mtaa wa kuonyesha. Hata hivyo, ukungu huo unaafikiana na kisa kinachosimuliwa na mtu ambaye msikilizaji hana hakika kama anasema kweli.

Kwa kuwa hapakuwa na mmiliki wa kuitunza, Detour ilienezwa kwa nakala hafifu, zenye mikwaruzo na sauti ya kukwaruza. Ilijulikana kama filamu duni inayopendeza kwa uduni wake, na simulizi kwamba ilipigwa kwa siku sita ilirudiwa hadi ikaaminika, ingawa watafiti wamebainisha kwamba kazi ilichukua muda mrefu zaidi. Iliingizwa katika Rejista ya Taifa mwaka 1992. Mwaka 2018 ulikamilika ukarabati uliotegemea kwa kiasi kikubwa nakala ya nitrati iliyohifadhiwa Ubelgiji. Ndipo ilipoonekana kwamba sehemu ya uduni uliohesabiwa kuwa wa Ulmer ulikuwa wa nakala.

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba kuanguka kwa hakimiliki hufungua mlango tu. Kinachoamua nani ataingia, na katika hali gani, ni ubora wa nakala, umaarufu wa waigizaji na uwepo wa taasisi iliyo tayari kugharimia ukarabati.

5.0 Wanaogundua na Wanachokitafuta

Ugunduzi upya nao una historia yake. Jarida la Ufaransa Cahiers du cinéma, lililoanzishwa 1951, na kitabu cha Andrew Sarris The American Cinema cha mwaka 1968, viliwafunza wasomaji kumtazama mwongozaji kama mtunzi wa filamu. Mtazamo huo ulisaidia kumwinua mtu kama Ulmer. Ulimfaa pia Leo McCarey, ambaye Make Way for Tomorrow (1937) ilishindwa kupata watazamaji. Filamu hiyo inahusu wazee wawili wanaonyang'anywa nyumba na benki, kisha wanatenganishwa kwa sababu hakuna mtoto wao anayekubali kuwachukua wote wawili. Ilitoka miaka miwili baada ya Marekani kupitisha sheria ya hifadhi ya jamii, na kabla malipo ya kila mwezi ya uzeeni hayajaanza mwaka 1940. Hofu inayoonyeshwa humo ilikuwa ya kila siku. McCarey alikataa kuipa mwisho wa furaha. Alipopewa Oscar kwa The Awful Truth ya mwaka huohuo, alisema kwamba alizawadiwa kwa filamu isiyostahili. Athari yake ilifika Japani: Kogo Noda, aliyeandika Tokyo Story (1953) pamoja na Yasujiro Ozu, aliikumbuka alipobuni kisa cha wazee wanaokuwa mzigo kwa watoto wao.

Mtazamo wa mwongozaji, hata hivyo, haukumfikia kila mtu. Dorothy Arzner alikuwa mwanamke pekee aliyeongoza filamu mfululizo katika studio kubwa za Hollywood za miaka ya 1930. Dance, Girl, Dance (1940), aliyoitengenezea RKO, haikufanikiwa kibiashara. Humo mcheza baleti, mhusika wa Maureen O'Hara, anasimamisha onyesho na kuwageukia wanaume waliokuja kumcheka, akiwaeleza jinsi wanavyoonekana kutoka jukwaani. Wahakiki wa ufeministi wa miaka ya 1970 ndio walioliona tukio hilo kuwa jibu la filamu kwa watazamaji wake. Filamu ilikuwapo kwa miongo mitatu. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza swali lililohusika.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mifano iliyojadiliwa haithibitishi kwamba kila filamu iliyosahaulika ni hazina. Zipo nyingi zilizosahaulika kwa haki. Inachothibitisha ni kwamba kusahaulika, kwa peke yake, si ushahidi wa udhaifu. Kizuri huenda kikajiuza, ila ni lazima kwanza kifike sokoni, tena kikiwa kizima.

Makala inapendekeza kwamba uhakiki wa filamu hizi utanguliwe na maswali matatu. Kwanza, nakala inayotazamwa ni toleo gani, na nani aliikata? Pili, ni nani aliyekuwa na haki ya kuionyesha, na alikuwa na sababu gani ya kuitoa au kuizuia? Tatu, wanaoirejesha leo wanamtafuta nani, na ni nani asiyetajwa? Swali la tatu lina uzito wa pekee, kwa kuwa asiyekuwepo na lake halipo. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu waigizaji Weusi wasioorodheshwa, kwa kulinganisha nyaraka za studio na filamu zenyewe, kabla nakala chache zilizosalia hazijaharibika zaidi.