Darasa la Uzamili na Swali la Dondoo: Safari ya Uhakiki hadi Kesses

Kila mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili anaijua kanuni ya dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wakiwa wapi, na kwa sababu gani. Alama nne. Pamoja na kanuni hiyo hukariri orodha ya istilahi: kinaya, sadfa, jazanda, mbinu rejeshi, taharuki. Aghalabu hatuulizi istilahi hizi zilitufikiaje. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba nyingi zilipitia darasa la uzamili, na kwamba zilipokuwa zikishuka kuja shuleni ziliacha nyuma jambo moja muhimu.

Tuanzie Dar es Salaam. Idara ya Kiswahili ya chuo kikuu cha huko ilianzishwa mwaka wa 1970, na mafunzo yake yakatolewa kwa Kiswahili. Uamuzi huo ulizaa tatizo lenye faida. Mhadhiri aliyetaka kuzungumzia muundo wa riwaya mbele ya wanafunzi alilazimika kuwa na maneno ya kuuzungumzia. Ndipo istilahi kama fani na maudhui zikapata mizizi. *Hisi Zetu* cha Sengo na Kiango (1973) na *Fasihi* cha Senkoro (1982) ni vitabu vinavyosomeka kama mjadala wa darasani: mwandishi anadai, anajibu, anapinga. Ikumbukwe pia kwamba hicho kilikuwa kipindi cha Azimio la Arusha, na wahakiki wengi walipima kazi kwa msimamo wake wa kitabaka kabla ya kuuliza lolote jingine. Huo ulikuwa udhaifu. Hata hivyo, walau walikuwa wakibishana.

Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mjadala mkubwa wa fasihi uliochochewa mwaka wa 1968 na Ngugi wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong katika Chuo Kikuu cha Nairobi uliendeshwa kwa Kiingereza. Shuleni Kiswahili kilikuwa somo la hiari. Badiliko kubwa lilitokana na ripoti ya tume ya Mackay ya mwaka wa 1981, iliyopendekeza chuo kikuu cha pili pamoja na mfumo mpya wa elimu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, Kiswahili kikawa cha lazima, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa 1989. Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Moi na mwalimu wa Kiswahili wa lazima ni ndugu wa baba mmoja.

Ndugu hao hawakutambuana mara moja. Chuo kilifunguliwa mwaka wa 1984 kwa wanafunzi 83 wa misitu waliohamishwa kutoka Nairobi, na azma yake ilikuwa sayansi, teknolojia na maendeleo ya mashambani. Kiswahili kilipofika Kesses, takriban kilomita 35 kutoka Eldoret, kiliingia kama mgeni anayetakiwa kueleza shughuli iliyomleta. Labda ndiyo sababu makala mengi ya wakati huo yana neno "maendeleo" katika anwani zake.

Hapa pana jambo ambalo sisi walimu tunalijua lakini hatulisemi sana. Shahada ya kwanza ya elimu hugawanywa baina ya masomo mawili ya kufundishia na mafunzo ya ualimu, kisha isimu na fasihi hugombania kinachobaki. Mwalimu huhitimu akiwa amefunzwa namna ya kufundisha riwaya, huku riwaya alizozisoma kwa kina zikihesabika kwa vidole. Kwa wengi, masomo ya uzamili ndiyo nafasi ya kwanza ya kukaa na kitabu kimoja kwa majuma matatu. Vyuo vilipoanza kuwapokea wanaojilipia karo, kuanzia Nairobi mwaka wa 1998, walimu waliingia kwa wingi. Wapo waliopanda matatu ya Cheptiret baada ya kipindi cha mwisho, na wapo waliozitoa likizo zao zote.

Walikuta nini? Chukua *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora (2012), iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa kuanzia 2013. Mwalimu Majisifu anauiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake, na mswada huo una anwani ile ile ya riwaya tunayoisoma. Katika Kidato cha Nne, jambo hili huandikwa ubaoni chini ya "sifa za Majisifu: mwizi wa maandishi", tukaendelea mbele. Katika semina ya uzamili mwanafunzi huliwasilisha, na wenzake humkalia kooni. Je, kitabu tulichokishika ni cha nani? Mbona mwandishi akalitia jina la kazi yake mwenyewe mikononi mwa mwizi? Anayesema kwamba ni kinaya huulizwa: kinaya dhidi ya nani? Anayeleta naratolojia au mwingiliano matini hutakiwa aonyeshe inafichua nini ambacho msomaji wa kawaida hakukiona. Akishindwa, anaketi.

Ubishi huo ndio haukushuka kuja shuleni. Kilichoshuka ni majina. Si kosa la wataalamu waliotuandikia. Njogu na Chimerah katika *Ufundishaji wa Fasihi* (1999), na Wamitila katika vitabu vyake vya 2002 na 2003, walifafanua nadharia na istilahi kwa mapana na kwa mifano. Lakini waandishi wa miongozo walichuja ufafanuzi, wakabakisha orodha, na walimu tuliokuwa na madarasa ya wanafunzi sitini tukaishukuru orodha.

Upande wa tasnifu una habari zake. Masomo ya darasani huisha kwa mwaka mmoja hivi. Kisha huja pendekezo la utafiti, wasimamizi wawili, marekebisho, utetezi. Hapa ndipo walimu hukwama, wengine miaka mitano na zaidi, karo ikidaiwa na watoto wakikua. Tasnifu zinazokamilika huhifadhiwa katika maktaba kuu ya Kesses, ambayo, kwa kinaya cha aina yake, ina jina la Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Si walimu wengi wa sekondari wanaofika huko kuzisoma. Aliyekwama hana cheti, na mwajiri hatambui semina. Ila kwa mtazamo wetu, mwalimu huyo amepata sehemu ambayo darasa lake lingefaidi zaidi, mradi asiache ubishi huo Kesses na kurudi na madaftari matupu.

Anaweza kuanza na dondoo. Baada ya hoja nne za muktadha, amwongezee mwanafunzi swali la tano lisilo na alama: kwa nini mwandishi amempa mhusika huyu maneno haya, si yule mwingine? Mwanafunzi mmoja asimame ajibu, wenzake wampinge kwa kurejelea kurasa. Kipindi cha dakika arobaini hutosha dondoo moja, au mawili wakiwa wamesoma.